Fiwi za Uani kwa Binti Dadi

"Bibi, kwani fiwi zinasikia?"

Fauzia aliuliza hivyo akiwa na miaka saba, mwanafunzi wa darasa la kwanza, sare yake bado ina mikunjo ya dukani. Alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, na bibi yake alikuwa ameuelekea ua wa fito, mikono kiunoni, anayafokea majani. Bibi alisema kuku wameingia kwenye unga, akamtuma akawafukuze. Fauzia alikwenda, akakuta kuku wamelala kivulini na unga umefunikwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Ukimuuliza jambo asilotaka kulijibu, kuku huingia kwenye unga.

Pale Kikole kila mtu alimwita Binti Dadi, kwa jina la baba yake aliyekufa zamani. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na zahanati walipoliita iliwabidi waliite mara tatu ndipo akumbuke kuwa ni yeye. Alikuwa mfupi, ana miaka sitini na kitu, jicho la kulia linatoa machozi mwaka mzima kwa sababu ya moshi. Mumewe alishatangulia mbele ya haki. Mwanawe wa pekee, Jafari, alikuwa fundi wa mafriji mjini Lindi, na Fauzia ni mtoto wa huyo Jafari, aliyeletwa kijijini alipoachishwa ziwa akabaki huko huko.

Mali ya Binti Dadi ilikuwa fiwi, maharage yale ya kutambaa. Alikuwa na mikorosho michache na ufuta kama watu wengine, lakini hivyo alivilima kwa sababu vinalimwa. Fiwi alizilima kwa sababu mama yake alikuja nazo kutoka Njinjo siku alipoolewa, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Zilikuwa nyekundu ya kuiva, kila moja ina mstari mweupe ubavuni kama jino lililochungulia. Huzipati sokoni, na kijijini hazikuwa na jina lingine ila fiwi za Binti Dadi. Zilipandwa na mvua za kwanza, zikapanda ua, zikakaa miezi zinaringa kwa majani matupu, na mvua ikishakatika ndipo zinatoa maua ya zambarau. Kuzipika nako ni kazi: maji ya kwanza unamwaga, ya pili unamwaga, ya tatu ndipo unatia nazi. Vijana wa kijijini walikuwa wakisema ukizinjika leo, alika wageni wa kesho kutwa.

Ila aliyewahi kuzila hakurudia kusema hivyo.

Tatizo la Binti Dadi lilikuwa mdomo. Watu wengine huimba wakipalilia, yeye alifoka. Kila asubuhi baada ya swala alitoka uani na kopo la maji, akaanza na shina la kwanza mpaka la mwisho, kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano. "Mtazame huyu. Umepewa fito yako, unakwenda kushika ya mwenzio. Hukulelewa wewe? Vya kwako huvioni mpaka utambae kwa watu? Endelea. Endelea kutambaa, utakatwa mkono." Mtu akipita barabarani alijua kwamba Binti Dadi ameamka salama.

Sasa ua huo ulikuwa wa watu wawili. Upande wa pili aliishi Mama Benedicto, mwanamke wa Kimakonde, mdogo kwa Binti Dadi kwa miaka kumi au zaidi, mke wa Kornelio mchoma mkaa. Zamani walikuwa wanaombana moto. Asubuhi ambayo mmoja amechelewa kuwasha, anakwenda kwa mwenzie na kipande cha kigae, anachukua kaa, anarudi analipuliza njiani. Walizoeana hata hodi ikawa haisubiri jibu.

Mazoea hayo yalikatika mwezi wa kwanza, mwaka ule ule Fauzia alipoanza shule. Binti Dadi alikuwa anahifadhi mbegu kama alivyoambiwa na mama yake: anachagua maganda ya katikati ya mche, hayafumui, anayafunga kitita kwa kamba ya ukindu na kukitundika jikoni, kwenye uchaga, juu ya mafiga. Alipokishusha apate mbegu za kuzibia mapengo, aliona fundo si lake. Yeye alifunga fundo la mama yake, linalopinda kushoto. Hili lilikuwa fundo la hivi hivi, kama la kufungia mbuzi. Akahesabu. Maganda matano hayamo.

Asubuhi ile mtu wa nje aliyeingia jikoni alikuwa mmoja tu, na alikuja kuomba moto.

Kama angemwendea nyumbani, pengine wangeyamaliza. Lakini Binti Dadi aliyasema kisimani, mbele ya wanawake sita na ndoo zao. Mama Benedicto alitua ndoo yake, akauliza kama anaonekana mtu wa kufa njaa mpaka aokolewe na maganda matano ya fiwi. Kisha akajitwika ndoo akaenda zake. Tangu siku hiyo hapakuombwa moto tena.

Ugomvi nao ukamkera Binti Dadi, kwa sababu mwenzie hakujua kugombana. Kila alfajiri, ng'ambo ya ua, Mama Benedicto alisema, "Shikamoo." Mtu anaitikaje shikamoo ya mwizi? Na ataachaje kuitika, wakati salamu ni haki ya mtu na Mungu anasikia? Binti Dadi aliitika marahaba akiwatazama kuku, ionekane ni ya kuku. Na mche wa fiwi ukivuka ua, Mama Benedicto hakuukata. Aliushika taratibu, akaurudisha upande wa mwenyewe, kama mtu anayerudisha mguu wa mgonjwa kitandani. Binti Dadi alichungulia kwenye nafasi za fito kila siku kwa hamu ya kuona angalau jani moja limenyofolewa. Hakuliona, miaka mitano mizima.

Basi akawa anafoka zaidi.

Fauzia alipofika darasa la tano, Jafari alikuja kwa sikukuu ya Idi na mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili, vimefungwa nyuma ya bodaboda. Daktari wa macho alishasema kwamba moshi ule utalimaliza jicho, na lile la pili litafuata. Binti Dadi alisema chakula cha gesi kina harufu ya gari. Alisema mtungi utalipuka uue watoto wa watu. Aliyasema hayo kwa wiki moja. Ikaja alfajiri moja ya mvua, kuni zimelowa, akageuza kile kitufe akiwa peke yake, na chai ikachemka kabla hajamaliza kufunga khanga vizuri. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku ile mafiga yalipoa. Jiko la gesi likakaa barazani, na kile kibanda cha jikoni wakahamia kuku.

Kitita cha mbegu kiliendelea kuning'inia pale pale kwenye uchaga. Angekiweka wapi? Mama yake alimwambia, mbegu weka jikoni. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyofanya tangu akiwa mwali. Kuhusu moshi mama yake hakusema neno, kwa sababu enzi zile nani alijua kama litakuja kuwepo jiko lisilo na moshi?

Mwezi wa kumi na mbili mawingu yalipokusanyika, aliingia jikoni na kigoda, akapanda, akanyoosha mkono. Kitita kilikuwa chepesi. Akakitikisa, unga mweupe ukammwagikia usoni. Alikishusha mpaka uani, akafumua ganda moja, la pili, la kumi. Kila fiwi ilikuwa na tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa sindano ya kushonea magunia. Fukusi wenyewe walikuwa bado wanatembea mle ndani, hawana haraka. Akazimwaga zote kwenye beseni la maji. Zikaelea.

Alikaa na lile beseni mpaka adhuhuri. Fauzia akamletea uji, ukapoa.

Jafari alipopigiwa simu alisema mama asijali, atamnunulia maharage ya mbegu, yamewekwa dawa, kilo tano, yako kwenye mfuko wenye picha. Binti Dadi akamuuliza kama na yeye alizaliwa kwenye mfuko wenye picha, akakata simu.

Wiki mbili zilizofuata alizunguka. Alipanda bodaboda mpaka Njinjo kwa wajukuu wa shangazi yake, akiamini chimbuko halikauki. Walimpokea vizuri, wakamchinjia kuku, wakamwambia fiwi ziliachwa tangu mto ulipofurika na kuchukua mashamba ya bondeni, siku hizi wao ni ufuta tu. Akawaendea wote aliowahi kuwagawia. Mmoja alisema alizila mwaka wa njaa, na mmoja alisema mbuzi. Wa tatu, ambaye ni ndugu yake kabisa, alimwambia kweli: "Dada, tulipanda mara moja. Ukaja kuziona, ukatusema mbele ya wageni kwamba tumezipanda kama watu wanaotupa taka. Tukaona basi, tusikuudhi." Mpaka dukani kwa Mehboob kule Kivinje alifika, akapekua magunia manne ya maharage kiganja kwa kiganja wakati wateja wengine wanasubiri. Mehboob alimletea kiti. Baadaye akamwambia kwa upole kwamba bibi, hizo unazozitafuta alikuwa anazila marehemu babu yangu, mimi nimezisikia tu.

Akarudi Kikole amechoka na hasira hana pa kuzitua. Mvua ilikuwa imeshaanza. Ua wa fito ulisimama mtupu, na kwa mara ya kwanza asubuhi zilipita kimya. Upande wa pili Mama Benedicto aliamkia, "Shikamoo," kisha akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kusikia redio akashangaa imezimika.

Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, Fauzia alikuja akakaa chini mkekani. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, miguu mirefu, si mtoto wa kukaa bila kusema. Bibi yake alimwona anachora vumbi kwa kidole, akachora, akafuta.

"Bibi, zipo shuleni," alisema.

"Zipo nini?"

"Fiwi. Nilizichukua mimi, nilipokuwa darasa la kwanza. Mwalimu alisema kila mtu alete vihesabio ishirini. Wenzangu walikuwa na vizibo vya soda. Mimi sikuwa na kitu."

Binti Dadi alimtazama. Mambo mengi yalimjia kinywani, na kwa jinsi alivyokuwa, yote yangetoka. Lakini lililotoka ni moja.

"Na lile fundo ulifunga wewe?"

"Mimi."

Siku hiyo kuku hawakuwa na raha. Alifoka juu ya mayai, juu ya banda, juu ya jogoo anayewika saa isiyo yake. Fauzia hakuguswa wala kusemeshwa, na hilo lilimuuma mtoto kuliko fimbo. Ukweli ni kwamba Binti Dadi hakuwa na hasira na mtoto. Alikuwa anakumbuka kisima, na wanawake sita, na ndoo iliyotuliwa chini. Kila alipogeuza uso uliangukia ule ua.

Jumatatu alikwenda shule. Mwalimu Scholastica, wa darasa la kwanza, alikuwa mtu asiyetupa kitu. Kabatini kwake zilikuwemo chaki fupi kama kucha. Alitoa chupa ya plastiki yenye mfuniko, na mle ndani, katikati ya vizibo na vijiti, zilikuwemo fiwi. Zilibaki kumi na nne. Tano kati yake zilikuwa zimeandikwa namba kwa kalamu. Mwalimu alisema atamruhusu azichukue, ila darasa lisipungukiwe, alete vingine kumi na vinne badala yake. Binti Dadi akafungua pindo la khanga, akahesabu punje kumi na nne za mahindi juu ya meza. Alikuwa amekuja nazo. Alimjua mwalimu Scholastica.

Basi mbegu za mama yake zilikuwa hizo: kumi na nne, za miaka mitano, zimeshikwashikwa na vidole vya watoto wanaojifunza kujumlisha. Zisipoota, hapana mahali pengine duniani pa kwenda kuziomba. Alizilaza kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja, akazipanda chini ya ua, mbili mbili, na kila shimo akalizungushia miiba.

Siku ya tano hapakuwa na kitu. Siku ya nane hapakuwa na kitu. Siku ya kumi akaanza kuamini kwamba Mungu anamfundisha adabu. Siku ya kumi na moja ulitoka mche mmoja, umekunja shingo, na mgongoni umebeba ganda la mbegu lenye namba saba. Fauzia alicheka, bibi yake hakucheka. Mwishoni iliota minne.

Huo mwaka haukuwa mwaka, ulikuwa mtihani. Kuku mmoja, kifaranga cha juzi tu, alipenya miiba ile akang'oa mche mmoja, akautupa, hata hakuula. Mwezi wa nne mvua zikapiga bila kupumzika, mche wa pili ukaoza shina likawa kama ugali. Mwezi wa tano ukaja upepo ule wa kimbunga uliokata barabara ya Dar, malori yakalala njiani siku nyingi. Kibanda cha jikoni kilianguka chote, uchaga na mafiga chini ya udongo. Ua wa fito ukalalia upande wa pili. Mche wa tatu ulivunjika pale pale. Wa nne, ule wa namba saba, uliinama na ua, ukavuka, ukaangukia mzima mzima kwa Mama Benedicto.

Binti Dadi alisimama kwenye matope akiutazama. Shina lilikuwa kwake na mwili wote ng'ambo. Alifungua mdomo kama alivyozoea, maneno yakakosekana. Alikuwa na maneno ya miaka mitano kuhusu kutambaa kwa watu, na hakuna hata moja lililofaa.

Akangoja urudishwe, kama siku zote. Asubuhi haukurudishwa. Siku ya pili haukurudishwa. Siku ya tatu alichungulia, akaona umesimikiwa fito mpya tatu upande ule, umefungwa kwa kitambaa laini pale ulipopindika. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Angekatiwa mche, angejua afanye nini. Sasa anafanyiwa wema na mtu ambaye yeye bado hajamwomba radhi, na kila siku inayopita deni la maneno linakuwa zito kulitamka. Alikusudia kwenda siku ya Ijumaa, kwa sababu ni siku njema. Ijumaa ikapita. Akakusudia nyingine.

"Shikamoo," sauti ilisema kila alfajiri.

"Marahaba," aliitika, na sasa hakuwatazama kuku, lakini ua nao hakuweza kuutazama.

Mvua zilikatika. Mche ule mmoja ulifanya kazi ya minne. Ulitoa maua ya zambarau mpaka ukaonekana barabarani, kisha maganda, kisha maganda yakaanza kukauka. Yote yalikuwa kwa Mama Benedicto. Binti Dadi aliyahesabu kwa jicho moja zima kupitia nafasi za fito. Mwezi wa nane yalikuwa tayari, na yeye bado alikuwa anakusudia Ijumaa.

Mwenzie akamtangulia tena. Asubuhi moja ungo ulipita juu ya ua, mikono imeushika pande mbili. "Shikamoo. Vyako hivi." Maganda yalikuwa makavu, hayajafumuliwa, hata moja halina mkwaruzo. Binti Dadi akapokea. Akasema marahaba, akarudi barazani akakaa na ungo mapajani, amekasirika kama mtu aliyepigwa kofi. Mtu gani huyu asiyempa mwenzie hata nafasi?

Alichagua maganda ishirini na manne ya katikati, akayafunga kitita, fundo linapinda kushoto. Akasimama nacho. Jikoni hapakuwepo tena. Lilikuwepo lundo la udongo na nyasi. Alitundika kitita barazani juu ya jiko la gesi, akalitazama lile jiko linavyowaka buluu, safi, halina hata ukungu, akakitundua. Akajaribu kuwasha makumbi ya nazi kwenye karai. Moshi ulikwenda kila mahali isipokuwa palipo na kitita, jicho likavimba, na Fauzia akamwaga maji kwenye karai bila kuomba ruhusa. Siku ya pili walijaribu tena, ikawa vile vile. Siku ya nne Fauzia alileta ganda moja karibu na uso wa bibi yake ili alione. Lilikuwa na tundu.

Ng'ambo ya ua, kama kila asubuhi, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jikoni kwa Mama Benedicto, mzito, mweupe, umejaa tele na haufanyi kazi yoyote.

Binti Dadi alilitoa lile ganda bovu akalitupia kuku. Akajitanda khanga. "Twende," alimwambia mjukuu wake.

Walizunguka kwa barabarani, kwa sababu mlango wa uani ulishaota majani. Mama Benedicto alikuwa anapepeta mahindi mbele ya jikoni lake. Alinyanyuka, akaamkia, akatandika mkeka. Kisha akatazama nyuma ya Binti Dadi, kushoto na kulia, kama anayetafuta mtu mwingine.

"Umekuja mwenyewe leo?" alisema. "Miaka yote unatuma fiwi."

Fauzia akainamisha uso. Binti Dadi akakaa, kitita mapajani, akapangusa jicho.

"Yale maganda matano," alisema, "alichukua huyu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Benedicto alikaa naye dawati moja. Alirudi akaniambia Fauzia anahesabia fiwi, nyekundu, zina mstari. Wiki ile ile, dada yangu, siku mbili baada ya kisimani."

Binti Dadi alimkodolea macho. Hasira ilimpanda, ile ya zamani, aliyoijua vizuri, na safari hii hakujua aielekeze wapi. "Miaka mitano unajua. Unanisikia kila siku ninavyosema. Na umenyamaza?"

"Nilijua utachoka," alisema Mama Benedicto. "Hukuchoka. Na ningesema, angepigwa mtoto kwa ajili ya kumi jumlisha kumi."

Jikoni kuni zilipasuka. Binti Dadi alitafuta neno la kuomba radhi, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nalo, alilitafuta mahali ambapo halikuwepo. Akasema mahindi yale yamepepetwa vibaya. Akasema paa la jikoni linahitaji nyasi mpya. Mama Benedicto aliendelea kumtazama, amevumilia, kama anayesubiri mvua ipite.

Mwishoni Binti Dadi aliinua kitita. "Jiko langu halina moshi," alisema.

Mama Benedicto akakipokea. "Zihesabu kwanza. Zikipungua nijulikane."

"Sihesabu."

"Hesabu, Binti Dadi. Mimi nakujua."

Badala ya kuhesabu, Binti Dadi alikichukua tena, akalishika fundo lake, lile la mama yake, linalopinda kushoto. Akalifungua. Kamba ya ukindu ikalegea, maganda yakaachana kidogo. Akamrudishia mwenzie kitita hivyo hivyo kilivyo, kamba inaning'inia.

"Funga wewe," alisema.

Mama Benedicto alikaa kidogo na ile kamba mkononi. Kisha akafunga, fundo la hivi hivi, kama la kufungia mbuzi, akaingia jikoni. Walimsikia anapanda kigoda, anakohoa, anashuka. Alipotoka alikuwa na masizi kwenye kipaji cha uso, na mkononi ana kigae chenye kaa la moto. Akasema achukue, maana gesi nayo huisha. Binti Dadi alisema kaa lenyewe ni dogo. Akalichukua.

Walirudi kwa barabarani, Binti Dadi mbele, analipuliza kaa ambalo hakuwa na jiko la kulitia. Fauzia alimfuata nyuma hatua chache. Walipofika kwenye kona ya ua ulioinama, pale ambapo fito mpya tatu zilionekana upande wa pili, bibi yake alisimama. Hakugeuka.

"Uliniuliza kitu siku moja," alisema. "Nikakutuma kwa kuku."

Fauzia alikumbuka.

"Fiwi hazisikii," alisema Binti Dadi. "Aliyekuwa anasikia ni yule pale. Kila neno."